Mchekeshaji Hatulizi: Hoja Dhidi ya Usomaji wa Kivivu wa Youhei Sunohara

Wahenga walituagiza kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Katika uhakiki wetu kuna istilahi moja ya kigeni ambayo imekaa miaka na mikaka bila ya kuonyeshwa jembe. Nayo ni dhana ya kitulizo cha kichekesho, yaani imani kwamba katika kazi ya sanaa yenye uzito, mtunzi humleta mhusika wa kuchekesha ili hadhira ipumue, kisha humwondoa jukwaani ili shughuli ya maana iendelee. Mwanafunzi hufundishwa dhana hii mapema. Akiulizwa dhima ya mhusika msaidizi fulani, huandika kwamba dhima yake ni kuchekesha, hutiwa alama yake, na mhusika huyo hufungwa kama faili iliyokwisha kushughulikiwa. Makala haya yanapinga mazoea hayo. Hayaipingi istilahi kwa sababu ya ugeni wake, maana istilahi zetu nyingi ni za kuazima na zinatufaa. Yanaipinga kwa sababu inatuzuia kuona kilichopo mbele ya macho yetu.

Kijelezi tutakachokitumia yamkini kitawashangaza baadhi ya wasomaji. Ni Youhei Sunohara, kijana wa pembeni katika Clannad, mojawapo ya zile hadithi za katuni za Kijapani, yaani anime, zinazosimulia mapenzi ya shuleni. Tunafahamu kwamba wako wenzetu wanaokunja uso wasikiapo kuwa katuni zimebisha hodi katika idara ya fasihi. Kwa hao hatuna maneno mengi. Hadithi inayosimuliwa kwa picha zinazotembea ina msuko, ina wahusika, ina mtazamo, na ina hadhira inayolia na kucheka, wakiwemo wanafunzi wetu wenyewe, ambao huitazama usiku kucha na asubuhi wakatuandikia insha juu ya tamthilia wasizozipenda hata nusu ya hivyo. Anayeamini kwamba huo si uwanja wetu na atoe hoja. Kukunja uso si hoja.

Clannad ilianza kama riwaya-mchezo ya kompyuta iliyotolewa chini ya jina la Key mwezi wa Aprili 2004, mwandishi wake mkuu akiwa Jun Maeda. Studio ya Kyoto Animation, chini ya mwelekezi Tatsuya Ishihara na kwa mpangilio wa hadithi wa Fumihiko Shimo, iliigeuza kuwa anime ya televisheni kwa misimu miwili: wa kwanza ulitoka Oktoba 2007 hadi Machi 2008, na wa pili, uitwao Clannad After Story, ulitoka Oktoba 2008 hadi Machi 2009. Mhusika mkuu ni Tomoya Okazaki, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa shule ya upili, mchelewaji na mtoro, ambaye anakutana na Nagisa Furukawa, msichana aliyelazimika kukariri mwaka kwa sababu ya maradhi. Wanakifufua chama cha maigizo, wanapendana, wanaoana, na katika msimu wa pili wanapatwa na yale yaliyoifanya Clannad ijulikane kwa kuwaliza watu. Sunohara ni rafiki wa Tomoya. Nywele amezitia rangi ya manjano. Anaishi bwenini. Anapigwa.

Hili la kupigwa hatuna budi kulieleza kwa urefu, kwa kuwa ndilo kitovu cha ucheshi wake. Wachezaji wa raga wanaoishi naye bwenini humvamia na kumtwanga anapowasumbua kwa kelele. Tomoyo Sakagami, msichana ambaye Sunohara anashikilia kwa ukaidi kwamba lazima awe mwanamume, humjibu kwa mateke mfululizo, wala si siku moja tu. Misae, mlezi wa bweni, humbana kwa mbinu za mieleka. Kyou Fujibayashi hurusha vitabu, na vitabu vyake hurushwa kwa shabaha. Tomoya mwenyewe hamwokoi rafiki yake. Aghalabu yeye ndiye aliyemchongea. Hubuni uongo mdogo, humsukuma Sunohara katikati yake, kisha husimama kando akitazama kama mtu aliyelipa kiingilio. Na kila mara, onyesho linalofuata likianza, Sunohara amekwisha pona. Uso uliovimba umenyooka, ulimi umerudi kwenye majigambo, na mpango mpya wa kipumbavu umekwisha iva kichwani mwake. Mwili wake hauna kumbukumbu. Hii ni kanuni ya wachekeshaji wa aina yake katika anime nyingi, wala haikuzuliwa na Clannad: maumivu ya mchekeshaji hayaingii katika hesabu.

Mtetezi wa dhana ya kitulizo atatuambia kwamba hayo yote yanaeleweka. Hadithi ni ya huzuni, kwa hivyo mtunzi ameweka mahali pa kupumzikia. Lakini tujiulize dhana hiyo ilitoka wapi. Ilikuzwa katika uhakiki wa Kiingereza, hususan uhakiki wa Shakespeare, na mfano ambao haukosekani ni ule wa bawabu mlevi wa Macbeth, anayekwenda kufungua lango huku maiti ya mfalme Duncan ingali na damu mbichi. Coleridge alichukizwa na onyesho hilo, akaona kwamba ni kazi ya mkono mwingine, iliyopachikwa ili kuwafurahisha makabwela. Mwaka 1823 Thomas De Quincey aliandika insha mashuhuri juu ya kule kubisha hodi langoni, naye akafikia tamati tofauti kabisa. Kwake yeye, hodi ile haimpumzishi mtazamaji hata kidogo. Ulimwengu wa kawaida unaporudi kubisha, ndipo tunapotambua kwa hofu jinsi ulimwengu wa mauaji ulivyokuwa umejitenga nao. Basi hata huko kwao jambo hili lilikuwa na ubishi tangu hapo. Sisi tuliazima upande mmoja wa ubishi, na upande dhaifu, tukaupa jina la nadharia.

Isitoshe, maadamu kazi tunayoijadili ni ya Kijapani, ni ajabu kwamba hatujashughulika kuuliza Wajapani wenyewe wanakipangaje kichekesho. Katika jukwaa lao la jadi, michezo ya kyogen huchezwa baina ya tamthilia za noh. Kwa mtazamo wa haraka hicho ni kitulizo kitupu. Hata hivyo, kyogen ina waigizaji wake, ina shule zake za urithi, na ina mhusika wake mashuhuri, Taro Kaja, mtumishi anayemzunguka bwana wake kwa hila. Ni sanaa iliyojitosheleza. Karibu zaidi na Sunohara ni manzai, mazungumzo ya kuchekesha ya watu wawili, ambayo yalipata sura yake ya kisasa mjini Osaka katika miaka ya 1930 kwa juhudi za wachekeshaji kama Yokoyama Entatsu na Hanabishi Achako. Katika manzai mmoja ni boke, yule anayekosea, anayepotoka, anayeelewa mambo upogo. Wa pili ni tsukkomi, yule anayemkatiza na kumrekebisha, mara nyingine kwa kibao cha kichwani. Hakuna kati yao aliye kitulizo cha mwenziwe. Zaidi ya hayo, boke hawezi kuwa boke akiwa peke yake. Upumbavu wake si sifa aliyozaliwa nayo. Ni kitu kinachofumwa baina ya wawili.

Turudi sasa kwa Tomoya na Sunohara tukiwa na jambo hilo akilini. Shule yao ni ya wanaojiandaa kwa masomo ya juu, na thamani ya mwanafunzi hupimwa kwa mitihani. Sunohara aliingia humo kwa kupendekezwa kwa ajili ya kandanda. Akapigana, akasimamishwa masomo kwa muda, akatolewa katika timu. Tangu siku hiyo hana jambo linalompa haki ya kuwa mahali pale. Ni kama kifaa kilichonunuliwa kwa kazi moja, na kazi yenyewe ikafutwa. Tomoya naye alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu. Akagombana na baba yake, akaumia bega, na tangu hapo hawezi kuinua mkono wa kulia ipasavyo. Msomaji atazame wasifu huu wa vijana wawili pasipo kutaja majina. Wote wawili walikuwa wanamichezo. Wote wawili waliupoteza mchezo kwa sababu ya ugomvi. Wote wawili wamebaki katika shule isiyowahitaji, wakichelewa asubuhi na kulala darasani. Kwa nini basi mmoja ni shujaa wa mapenzi na mwingine ni kichekesho?

Jibu la kivivu ni kwamba tabia zao zinatofautiana. Sisi tunashikilia kwamba tofauti iko katika mgao. Utanzu umewagawia vidonda vya namna mbili. Kidonda cha Tomoya kimepewa baba, kimepewa nyumba yenye ukimya, kimepewa muziki wa taratibu, nacho hakiponi. Vidonda vya Sunohara vimepewa mayowe, navyo hupona kabla ya sekunde kumi kwisha. Bega la mmoja linakumbuka kila kitu na uso wa mwingine haukumbuki chochote. Katika msimu wa kwanza kuna mechi ya mpira wa kikapu, watatu kwa watatu, ambapo Tomoya, Sunohara na Kyou wanakabiliana na wachezaji wa timu ya shule kwa manufaa ya chama cha maigizo. Hadhira yote hulitazama bega. Je, litamruhusu kurusha? Hilo ndilo swali la mechi nzima. Lakini uwanjani humo humo kuna mwanamichezo mwingine aliyenyang'anywa mchezo wake, anayekimbia, anayetoa pasi, anayewania ushindi wa chama ambacho si chake, baada ya chama chake mwenyewe kumtupa. Hatumtazami. Hatukufundishwa kumtazama, kwa kuwa tumekwisha ambiwa dhima yake.

Watengenezaji wa anime hii, tofauti na wahakiki wake, walilijua jambo hili. Ushahidi ni sehemu ya pili, ya tatu na ya nne za After Story. Hapo ndipo penye kiini cha hoja yetu, na hatutaharakisha.

Mei, dada mdogo wa Sunohara, anakuja kumtembelea akiwa na wasiwasi juu ya mustakabali wa kaka yake. Ili kumtuliza, Sunohara anaamua kujifanya kwamba ana mpenzi. Anatafuta wa kumkodi kwa uongo huo, wasichana wote wanamkataa kwa namna zao, na hatimaye anayekubali kuigiza mpenzi wake ni Sanae, mama yake Nagisa. Hadi hapo tuko katika kichekesho cha kawaida, tena kizuri sana. Mwandishi wa makala haya alicheka, wala haoni sababu ya kulificha hilo. Lakini Mei hachekeshwi. Anakumbuka kwamba zamani, mtu akimwonea, kaka yake alikuwa akija mbio kumtetea. Anataka kujua kama kaka huyo bado yupo. Pamoja na Tomoya anajaribu hila ya kumtia wivu: wanajifanya wamependana, ili kaka huyo asimame kama kaka. Sunohara hasimami. Hila za kichekesho, ambazo msimu mzima zilifanya kazi kama saa, sasa zinachezwa moja baada ya nyingine na hazileti chochote. Hakuna mayowe wala mateke. Pana kijana aliyelala chumbani mwake akitazama upande mwingine.

Ndipo Mei anapokwenda kwa timu ya kandanda kuwaomba wampokee tena kaka yake. Wachezaji hawamkatalii waziwazi, na hapo ndipo penye ukatili wao. Wanampa kazi. Wanamtuma kuokota mipira, wanamkejeli, wanamfanya mchezo wao wa jioni, hadi anatokwa na machozi. Sunohara anatokea. Anawavamia, Tomoya anaingia pamoja naye, wanapigana na wengi. Vurugu hiyo ikiisha wanageukiana wao wenyewe kwa wenyewe, wakapigana kwa uchungu uliokuwa umelimbikizwa kwa muda mrefu, mpaka wasichana wanapoingilia kati. Safari hii uso wa Sunohara unavimba na unabaki umevimba.

Jina la sehemu ya nne linataja tabasamu lile lile la siku ile. Siku ipi? Tunaelezwa kwamba urafiki wa wawili hao ulianza wakati Tomoya alipomwona Sunohara akiwa na uso uliochubuka na kuvimba baada ya ugomvi uliomfukuzisha kandanda, akaangua kicheko. Sunohara naye akacheka. Tuseme wazi maana ya jambo hili. Kichekesho cha kwanza kabisa cha uso wa Sunohara uliopigwa, kile kilichozaa vichekesho vyote vya raga, mateke na mieleka, kilitokea siku ambayo maisha yake yalivunjika. Tulikuwa tumekicheka kwa msimu mzima pasipo kujua kwamba kilikuwa na tarehe. Na aliyekianzisha hakukianzisha kwa dharau. Alikuwa kijana mwenye bega lililovunjika, aliyeona mtu wa kwanza katika jengo lile zima ambaye hali yake ilikuwa mbaya kama yake.

Katika hatua hii baadhi ya wahakiki watatabasamu na kusema: vyema, basi mmethibitisha kwamba Sunohara si mhusika bapa, ni mhusika duara. La hasha. Usomaji huo ndio tunaouhofia kuliko ule wa kwanza, kwa maana unajifanya rafiki. E.M. Forster, aliyetupa mgawanyo wa bapa na duara mwaka 1927, hakuutumia ubapa kama tusi. Aliwasifu wahusika bapa wa Dickens kwa kina cha ajabu wanachotufanya tukihisi. Sisi tumeugeuza mgawanyo wake kuwa cheti cha kuhitimu: mhusika hubaki bapa mpaka atokwe na machozi, kisha hupandishwa daraja. Kwa kipimo hicho Sunohara "anakua" katika sehemu ya nne. Lakini ametenda nini kipya? Alikuwa mpiganaji tangu mwanzo. Alikuwa mkaidi tangu mwanzo, na majigambo yake yalikuwa pazia la aibu tangu mwanzo. Kilichohama ni kiti tulichokikalia. Tulikuwa tumeketi upande wa Tomoya, tukahamishiwa upande wa Mei. Kutoka kiti cha Mei, ngumi inauma. Anayesema kwamba mhusika ameongezewa kina hapo anajiondolea lawama, kwa kuwa anamaanisha kwamba hapo awali hakukuwa na kitu cha kuonwa.

Lugha yetu inatupa nyenzo bora zaidi kuliko hizo za kuazima. Tunatofautisha utani na dhihaka. Utani ni wa pande mbili. Mtani hutania na kutaniwa, na kwenye msiba wangu ndiye mwenye ruhusa ya kusema maneno ambayo ndugu hathubutu kuyasema. Dhihaka ina njia moja tu, ya kutoka juu kwenda chini. Vichekesho vinavyomzunguka Sunohara vimechanganya aina hizi mbili, na kazi ya mhakiki ni kuzichambua badala ya kuzitia gunia moja liitwalo kuchekesha. Kati yake na Tomoya pana utani, hata pale unapokuwa mkali, kwa sababu unatokana na hasara waliyoshiriki. Kati yake na wachezaji wa raga pana dhihaka tupu. Wao ni wanamichezo wenye timu. Yeye ni mwanamichezo asiye na timu. Wanampiga kwa sababu wanaweza. Tofauti kati yao na wale wa kandanda wanaomtesa Mei haiko katika tendo. Iko katika muziki unaolisindikiza.

Na hapa tunaifikia kasoro ya Clannad yenyewe, maana utetezi wetu wa Sunohara si utetezi wa kila uamuzi wa watunzi wake. Baada ya kutuonyesha kwa uwazi wa kutisha jinsi kundi la vijana wenye nguvu linavyogeuza mateso kuwa burudani, hadithi hairudi nyuma kuwauliza chochote wachezaji wa raga. Wa kandanda wamehukumiwa. Wa raga wamesamehewa pasipo kesi. Mtazamaji makini hubaki na deni la kicheko ambalo kazi yenyewe imekataa kulisajili. Tungeweza kudai kwamba ukimya huu ni wa makusudi, kwamba watunzi wanatuachia deni hilo tulilipe wenyewe. Hatusadiki. Tunadhani kwamba utanzu uliwashinda nguvu, kwa sababu anime ya mapenzi ya shuleni haiwezi kuishi pasipo mwili mmoja usioumia.

Kuna jambo jingine la mpangilio. Katika mchezo wa kompyuta, mchezaji huchagua njia yake, na hadithi ya Sunohara na Mei ni mojawapo ya njia hizo. Anaweza kuipita asiione. Televisheni haina njia panda. Shimo na Ishihara walilazimika kuamua iwekwe wapi, nao wakaiweka mwanzoni kabisa mwa After Story, mara tu baada ya mechi ya besiboli ya sehemu ya kwanza, kabla ya kazi, ndoa na uzazi. Wapo wanaousifu uamuzi huu kwamba unamtukuza Sunohara kwa kumpa nafasi ya mbele. Sisi tunauona kwa jicho jingine. Alitumika kwa uaminifu msimu mzima, sasa analipwa kiinua mgongo na kuonyeshwa mlango. Punde tunamwona amezirudishia nywele zake weusi ili atafute kazi, jambo ambalo kwa hakika linawachekesha wenzake, na baada ya kuhitimu anaondoka mjini. Kuanzia hapo haonekani ila kwa nadra. Hadithi ya watu wazima inaanza, na inaanza kwa kufunga hesabu ya mchekeshaji.

Tutaulizwa kama hatuutwishi ucheshi mzigo usiouweza, kama hatuchukui mzaha na kuuchunguza mpaka ukafa mikononi mwetu. Swali ni halali. Wapo wachekeshaji wa utanzu huu ambao hawana deni la namna hii. Chika Fujiwara wa Kaguya-sama, kazi ya Aka Akasaka iliyofanywa anime mwaka 2019, ni mmojawapo. Yeye huingia mlangoni wakati wapendanao wawili wanapokaribia kukiri, na kwa kuingia kwake hukiri hakutokei. Ni mcheleweshaji, na hadithi ya mapenzi ambayo haina mcheleweshaji huisha katika sehemu ya kwanza. Ngoma yake ya mwisho wa sehemu ya tatu ilipata umaarufu ambao wapendanao wenyewe wangeuonea wivu. Lakini hata yeye si kitulizo. Ni injini. Ukimwondoa, hadithi haiwi nzito zaidi, inasimama. Kwa hivyo hatusemi kwamba kila mchekeshaji ameficha kidonda. Tunasema kwamba kila mchekeshaji ana kazi inayoweza kuelezwa, na kwamba neno kitulizo ni namna ya kukwepa kuieleza.

Gharama ya ukwepaji huu haiishii kwenye katuni. Tunawafundisha vijana wa miaka ishirini kwamba katika kila kundi la watu walioandikwa kuna mmoja ambaye maumivu yake ni ya mapambo. Wanafunzi hao watakuwa walimu wa shule za mabweni. Nasi tunajua kilichomo katika mabweni ya shule, na nani huitwa mcheshi wa darasa, na jinsi mwalimu wa zamu anavyoweza kusikia mayowe yake usiku na kujisemea kwamba ni yule yule, huwa yuko hivyo.

Tumalizie kwa Clannad. Nagisa anakufa baada ya kumzaa binti yao Ushio. Kwa miaka mitano Tomoya anamwachia mtoto huyo wazazi wa marehemu, akajizamisha katika kazi, sigara na pombe. Wanaomtoa shimoni ni Sanae, anayemtega kwa hila ya safari, na Shino, nyanya yake, anayemsimulia habari za baba yake. Sunohara hana sehemu katika wokovu huo. Yule ambaye urafiki wake na Tomoya ulianza kwa kucheka mbele ya uso uliopondeka yuko mbali, anafanya kazi, hadithi imekwisha malizana naye. Hakuna sehemu za Clannad zilizo nzito kuliko hizo, na hakuna mahali ambapo hadhira ilihitaji kupumua kuliko hapo. Basi wanaoshikilia dhana ya kitulizo watujibu: ikiwa kazi ya Sunohara ilikuwa kuipunguzia hadithi uzito, mbona hakuitwa?